Mwauliza, Twajibu: Familia ya Bonn na vinanda vyao vya mabomba

Toleo lililopita tuliweka picha moja tu ya kinanda kikubwa cha ukumbi wa Elbphilharmonie kule Hamburg, Ujerumani, na chini yake mistari miwili kwamba kimejengwa na familia ya Klais ya mji wa Bonn, watu ambao wako kwa hiyo kazi vizazi vinne sasa. Meseji zimekuja kutoka Tudor, Likoni, Changamwe, Mji wa Kale mpaka Mtwapa, na maswali yenyewe ni mazuri hata tukaamua safu yote ya leo iwe ya jambo hili moja. Yaliyofanana tumeyaunganisha. Lile la fundi wa Majengo tumelipa nafasi kubwa zaidi manake lagusa nyumba nyingi sana hapa Mombasa.

Dada mhariri, salaam. Mi nimezoea kinanda cha kanisani kwetu, kile unachomeka kwa stima na kinalia. Sasa hicho cha mabomba chafanyaje kazi, na kwani lazima kiwe kikubwa kama nyumba ya gorofa? – Msomaji, Tudor

Kinanda cha stima chatoa sauti kwa spika. Cha mabomba hakina spika, chatumia upepo. Kuna feni kubwa mahali pamefichwa (zamani hakuna umeme, walikuwa watu wa kusukuma mivukuto kwa mikono na miguu ibada nzima), ile feni inajaza upepo kwa sanduku la mbao, juu ya sanduku yamesimama mabomba, na mpigaji akibonyeza kii kuna kivalvu chafunguka chini ya bomba moja, upepo unapanda, bomba linalia. Ukishawahi kupuliza mdomo wa chupa tupu ya soda ikatoa sauti basi ushaielewa fizikia yote ya hiki chombo.

Kinachofanya kiwe kikubwa ni kwamba bomba moja latoa noti moja ya sauti ya aina moja, basi, halijui kitu kingine. Ukitaka sauti nyororo wahitaji safu nzima ya mabomba, ukitaka sauti kali safu nyingine, na kila safu huitwa rejista. Cha Hamburg kina rejista 69, mabomba 4,765, upana mita 15 na kimo mita 15. Na urefu wa bomba ndio unaoamua sauti itashuka mpaka wapi: bomba lililo wazi la ile noti ya chini kabisa ya kibodi lina kama mita 2.4, ukitaka ishuke oktavu moja (noti ile ile ila chini zaidi) uongeze mara mbili, mita 4.8, ukitaka ishuke tena ni mita 9.6, na hapo mitetemo ni kama 16 tu kwa sekunde, sauti hiyo hata sikio halitoshi, waihisi kifuani na kwenye benchi ulilokalia. Bomba refu la Hamburg lapita mita 10. Dogo kabisa ni milimita 11.

Mengine yana ulimi wa shaba ndani yake, na mtu aliyekulia Pwani akasikia zumari harusini ataitambua ile sauti mara moja.

Lakini la, si lazima kiwe kama gorofa. Kuna vidogo vya rejista tatu nne vinakaa chumbani na vyalia vizuri tu.

Dada, mimi ni fundi wa fanicha hapa Majengo. Karakana aliianza babu, baba akaiendeleza, mimi ndiye niko nayo sasa, na wanangu wawili wameniambia wazi hawaitaki. Hao Wajerumani wamefanyaje wakafika kizazi cha nne? Nataka jibu la kweli si la kunipoza. – Fundi, Majengo

Kaka, nimekusikia, nami ntakujibu kwa kukupa historia yao kwanza halafu nikwambie mimi naona nini ndani yake.

Mwanzilishi ni Johannes Klais, alizaliwa 1852 kijiji cha Lüftelberg, si mbali na Bonn. Kazi hakuirithi kwa babake. Alijifunza kwa fundi mwingine mjini Köln, jina lake Franz Wilhelm Sonreck, na alipomaliza hakukimbilia kufungua duka lake, alishika njia, akafanya kazi kwa mafundi wa Alsace, wa Uswisi na wa kusini mwa Ujerumani. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, na huyu hakutembea bure. 1882 ndipo alipofungua karakana yake Bonn, ana miaka 30, mikono ishashika kazi za watu wa namna namna. 1896 wakahamia mtaa wa Kölnstraße na mpaka leo ukienda Bonn utawakuta pale pale, zaidi ya miaka 140 tangu aanze.

Sasa sikiza ilivyokuwa ngumu, manake watu wakisikia vizazi vinne wadhani ilikuwa ni raha tupu. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika 1917 serikali ya Ujerumani iliamuru yale mabomba ya bati ya mbele, yale yanayoonekana na watu, yavuliwe makanisani yakayeyushwe kwa matumizi ya jeshi. Fikiria wewe kaka, kabati ulizotengeneza miaka yote, watu waje wazichukue kuni. Vita vikaisha, nchi haina pesa, na hapo ndipo mwanawe Hans, aliyezaliwa 1890, akaingia kwenye uongozi pamoja na mzee wake 1921. Mzee akafariki 1925, Hans akashika usukani. Na Hans hakuendelea kutengeneza vile vile vya babake, alikaa na wasanifu majengo wa wakati wake akaleta sura mpya kabisa za vinanda, safi, bila ule urembo mwingi wa karne iliyopita. Nina hakika kuna wateja wa zamani walinung'unika.

Vikaja vita vya pili. Makanisa yakapigwa mabomu, na vinanda vikaungua nayo. Mwaka 1948 Kanisa Kuu la Köln lilikuwa latimiza miaka 700 tangu jiwe la msingi kuwekwa 1248, mji mzima bado ni vifusi, watu wana njaa, na Hans Klais akawatia kinanda kipya mle ndani. Mimi hapo ndipo naona moyo wa hii familia. Kuna watu wangesema tungoje mambo yatulie kwanza.

Hans alifariki 1965, akaingia Hans Gerd, wa 1930, huyo ndiye aliyepeleka jina mbali na pia ndiye aliyepokea ile kazi ya mianzi ya Ufilipino ambayo ntaieleza kwa swali la baharia hapo chini. 1995 ikamfikia Philipp, wa 1967, kitukuu wa mwanzilishi, na yuko mpaka sasa. Mwaka 1998 Kanisa Kuu la Köln lilipofika miaka 750 likaagiza kinanda cha pili, na likarudi kwa familia ile ile: babu kajenga cha 1948, mjukuu kajenga cha 1998, na hiki cha mjukuu hakikusimama chini, kinaning'inia ukutani juu kabisa kwa vyuma vinne kutoka kwenye dari, kina rejista 53 na uzito wa kama tani 30.

Haya, mimi naona nini. Kwanza naona kwamba damu peke yake haikuwafikisha. Kuna familia zilikuwa kubwa kuwashinda na zikaisha. Aristide Cavaillé-Coll wa Paris, ambaye wengi wamhesabu ndiye fundi bora wa karne ya 19, kajenga kinanda cha kanisa la Saint-Sulpice 1862 na cha Kanisa Kuu la Notre-Dame 1868, naye ukoo wake ulikuwa wa mafundi hao hao toka zamani, lakini pesa zilimpiga chenga maisha yake yote, 1898 kampuni ikaenda kwa Charles Mutin na mwaka uliofuata mzee akafariki. Walcker wa Ujerumani, mizizi yao ni ya 1780, walipeleka vinanda mpaka Boston 1863 na Riga 1884, kampuni ikaanguka 1999. Uingereza akina Henry Willis wa London walianza 1845, wakapokezana Henry baada ya Henry mpaka wa nne, na 1997 familia ikatoka, kampuni ipo yaendelea na jina lile lile lakini wenye mikono ni wengine. Na hilo la mwisho kaka usilione kama aibu, kinanda cha ukumbi wa Royal Albert Hall kule London cha 1871 bado ni kazi ya Willis hata kama hakuna Willis karakanani.

Pili, kila kinanda kinapimwa kwa ukumbi wake. Huwezi kuchukua cha Köln ukakitia Hamburg, hakitaingia na kikiingia hakitalia sawa. Kwa hivyo hakuna kiwanda kinaweza kutoa elfu moja vya bei rahisi kikawaua sokoni. Wewe meza za kawaida ushashindwa na zile za kutoka nje zinazokuja na kontena, hilo twalijua sote, lakini mlango wa nyumba ya Mji wa Kale uliooza nusu na mwenyewe ataka upande wa kushoto ufanane na wa kulia wa miaka 100 iliyopita, nani atakushinda? Na akina Klais nusu ya sifa yao ni ukarabati, kufungua kazi ya fundi aliyekufa kitambo na kuirudisha kama alivyoikusudia yeye. Watu wengi waona ukarabati ni kazi ya njaa. Mimi naona hapo ndipo ilipo shule yenyewe.

Tatu, na hili ndilo nataka ulishike: karakana ile ina watu kama 65, wengi wao si Klais. Familia imeshika mlango na jina, kazi imeshikwa na mafundi waliofunzwa pale na nje. Wanao wakisema hawaitaki, waache watoke, na ukiweza waombe wafanye kazi hata mwaka mmoja kwa fundi mwingine, Lamu au popote, manake mtoto aliyekua ndani ya vumbi la mbao la babake hajawahi kuiona hiyo kazi kwa macho ya mgeni. Anaweza kurudi. Asiporudi, yule kijana anayekusaidia kupiga msasa kila siku, umeshamfundisha kuchora ramani ya kazi na kupiga hesabu ya mbao, au wamtuma chai tu?

Nikiwa baharia tulitia nanga Manila na wenzetu wa kule wakatupeleka Las Piñas kuona kinanda cha mianzi. Nilishangaa sana. Je nacho kilitengenezwa na hao Klais? – Mzee, Likoni

Shikamoo mzee. Hapana, hawakukitengeneza, lakini kama si wao ungekikuta kimya.

Aliyekijenga ni padre Mhispania, Diego Cera, aliyekuwa na parokia pale Las Piñas. 1816 alikata mianzi akaifukia kwenye mchanga wa ufuoni ili wadudu wasiibungue, na ile iliyobaki nzima baada ya kufukuliwa ndiyo aliyoitumia. Mtu wa Pwani ataielewa akili hiyo bila kuelezwa, hakungoja bati kutoka Ulaya, alitazama kinachoota pale pale na kitakachoweza kuvumilia hewa ya pale pale. Kazi nzima ilimalizika 1824 na jumla ni mabomba 1,031, ambayo 902 ni ya mianzi na 129 ya chuma, yale ya sauti ya tarumbeta ambayo mwanzi haungeweza kuyatoa.

Matetemeko ya ardhi na vimbunga vikakisumbua miaka na miaka, marekebisho ya hapa na pale, mpaka kikawa chalia vibaya au hakilii kabisa. Ndipo 1973 kikafunguliwa kipande kipande kikasafirishwa mpaka Bonn kwa Hans Gerd Klais. Sasa hapa mzee ndipo walipoonyesha kwamba wajua wanachofanya. Mwanzi uliozoea joto na unyevu wa Ufilipino ukiuweka kwenye baridi kavu ya Ujerumani utapasuka, hauna mjadala, kwa hivyo wakatengeneza chumba maalum wakakitia joto na unyevu kama wa Las Piñas, kazi ikafanyiwa mle. Mafundi wa Kijerumani wamevaa shati moja jasho lawatoka huku nje theluji. 1975 kikarudi kwao, na mwaka uliofuata wakaanzisha tamasha la muziki kwa ajili yake. Serikali ya Ufilipino 2003 ikakitangaza kuwa hazina ya taifa.

Mimi katika historia yote ya Klais hii ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote, kuliko hata Hamburg, kwa sababu walikubali kuwa wanafunzi wa fundi aliyekufa zamani na hakuwa hata fundi rasmi, alikuwa padre.

Je joto letu hili na chumvi ya bahari kinanda cha mabomba chaweza kukaa Mombasa? Kwaya yetu ina ndoto. – Mwalimu wa kwaya, Changamwe

Chaweza mwalimu, lakini ujue mapema kinachokungoja.

Sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya moto, kwa hivyo bomba lile lile likipata joto noti yake yapanda. Bomba lililotuniwa mitetemo 440 kwa nyuzi 18 litakuwa karibu 449 kwa nyuzi 30. Hiyo sio tofauti ndogo, mwenye sikio atakunja uso. Na baya zaidi ni kwamba yale mabomba ya ulimi hayapandi pamoja na mengine, kwa hivyo Jumapili ya Februari saa sita mchana kinanda chaweza kugombana chenyewe kwa chenyewe. Halafu unyevu wavimbisha mbao, vijiti vinavyounganisha kii na valvu vinakwama, ngozi ya mivukuto yaota ukungu, chumvi yala waya na skurubu, na mchwa nao wajulikana.

Dawa yake si baridi, ni kutobadilika. Kanisa likiwa nyuzi 29 wiki nzima mchana na usiku, fundi atatuni kwa nyuzi 29 na mambo yatakaa. Kinachoharibu ni kuwasha eesii Jumapili peke yake masaa matatu halafu mwazima, mbao zavuta na kuachia kila wiki mpaka zichanike. Klais walijenga kinanda cha ukumbi wa Petronas pale Kuala Lumpur, Malesia, uliofunguliwa 1998, nje ni joto na unyevu kama wetu au zaidi, ila ndani ukumbi una hewa iliyodhibitiwa. Kama kanisa lenu haliwezi bili ya stima ya namna hiyo basi anzeni na kidogo, mabomba ya mbao ngumu zinazojua Pwani, rejista chache, na mtu mmoja mkaazi wa hapa hapa afundishwe kukitunza. Hilo la mtu naliona muhimu kuliko la pesa. Kinanda kisicho na fundi karibu hufa hata kikiwa kwenye jumba la hewa baridi.

Na bei? – Wasomaji wengi

Cha Hamburg kiligharimu kama euro milioni 2, zilitolewa na mfadhili mmoja. Msishtuke mkaacha kusoma. Pesa zaenda kwa masaa ya watu. Bati na risasi huyeyushwa pamoja, ule uji wamwagwa juu ya meza ndefu ukawa shiti, shiti yakwanguliwa mpaka unene unaotakiwa, yakatwa, yakunjwa kwa gogo la duara, yalehemiwa. Hapo bomba limepatikana lakini bado bubu. Kuna fundi mwingine kazi yake ni kulitia sauti, achukua moja moja, anakata mdomo wake kidogo, anapanua au kubana tundu la chini, anasikiza, anarudia, na wakishakifunga ukumbini aanza tena upya kwa sababu ukumbi nao una maneno yake. Zidisha mara 4,765.

Hamburg walifanya jambo moja zuri sana: mabomba ya sehemu iliyo karibu na viti vya watu yamepakwa rangi maalum ya kuyakinga, msikilizaji aweza kuyagusa. Kazi ya mikono yataka kuguswa na mikono.

Asalaam aleikum. Mimi Muislamu, wa Mji wa Kale. Picha yenu niliipenda ila nauliza, hiki chombo asili yake ni kanisa? – Msomaji, Mji wa Kale

Waaleikum salaam. Asili yake si kanisa, na si Ulaya pia. Kilibuniwa Afrika, Iskanderia ya Misri, karne ya 3 kabla ya Isa, na fundi mmoja akiitwa Ktesibios, alitumia uzito wa maji kuusukuma upepo uwe sawa sawa. Warumi wakakipiga kwenye viwanja vya michezo. Ulaya Magharibi walikipokea kama zawadi, mwaka 757 Kaisari wa Konstantinopoli alimpelekea kimoja Pepin mfalme wa Wafrank, watu wa Ufaransa na Ujerumani ya leo. Na Baghdad karne ya 9 ndugu watatu, Banu Musa, waliandika namna ya kujenga chombo cha filimbi kinachojipiga chenyewe kwa nguvu ya maji. Ndugu watatu karakana moja, nao ni familia. Kanisani kiliingia baadaye na ndiko kilikokua kikawa jitu.

Kazi kama hii si imekufa lakini, siku hizi kila kitu kompyuta? – Msomaji, Kisauni

Haijafa. Disemba 2017 UNESCO iliiweka sanaa ya kujenga na kupiga vinanda vya mabomba ya Ujerumani kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika, na takwimu walizotoa ni hizi: vinanda kama 50,000, karakana 400, mafundi 2,800, wanagenzi 180. Hiyo 180 ndiyo ya kutazamwa kwa wasiwasi. Sisi hapa Pwani mila za makaya ya Wamijikenda ziko UNESCO toka 2009, kwenye ile orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka, kwa hivyo twajua kuorodheshwa hakutoshi kama hakuna vijana wa kupokea.

Kompyuta nayo wanaitumia, kuchora na kupima. Lakini kusikiza bomba kama limekaa sawa bado ni sikio la mtu.

Dada mhariri shikamoo. Nimemaliza fomu foo, napenda fizikia na napiga kinanda kwaya ya vijana. Msichana aweza kujifunza kujenga hivi vitu? – Mtwapa

Marahaba mwanangu. Aweza, kazi yenyewe iko wazi kwa wote. Ujerumani mafunzo ni miaka mitatu na nusu, wagawa muda kati ya karakana na shule, na shule ya hiyo fani iko Ludwigsburg, imepewa jina la Oscar Walcker, wa ukoo ule ule nilioutaja juu ambao kampuni yao ilianguka. Kampuni imekwenda, shule imebaki na yafundisha wanagenzi mpaka leo. Kuna njia mbili ndani ya fani: kujenga kinanda kizima, au kutengeneza mabomba peke yake. Mwanagenzi hulipwa posho na karakana inayomfundisha, si nyingi, lakini hulipi karo ya kukufilisi.

Kitakachokuzuia kwanza ni lugha. Kijerumani anza sasa, Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha lugha yao, iko Nairobi, na hapa Mtwapa na Mombasa kuna watu wa hoteli wamekisema miaka mingi, wapate wakuzoeze masikio. Cha pili ni mikono, fizikia ya daftari haitoshi, tafuta fundi seremala akufundishe kuunga mbao pembe bila msumari na kunoa patasi mwenyewe. Yule kaka wa Majengo wa swali la pili ametuachia namba yake hapa ofisini, na tulipompigia kumuuliza kama angekubali mwanafunzi wa kike alisema uje Jumatatu na ovaroli. Mzazi wako atupigie, tutawaunganisha.